Nimeligawa daftari: India kushoto, nyumbani kulia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili. Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala, maana mchana siwezi kulifikiria jambo hili dakika kumi bila mtu kunipigia simu anishauri.

Mama yetu ana miaka 58. Presha ilimharibu figo polepole sisi hatuna habari, mpaka alipoanza kuvimba uso na miguu tukaambiwa figo zote mbili zimeshindwa kazi. Tangu siku hiyo anasafishwa damu kwa mashine. Anakwenda mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila safari. Mwanzoni tuliambiwa inatakiwa mara tatu, ila nafasi zilikuwa zimejaa. Tukazoea hizo mbili, hatukuuliza tena. Gharama zinabebwa na bima ya kaka, ambaye ni mtumishi wa serikali hapa Tanzania.

Mwaka jana kaka akasema tumpeleke India. Tukachanga, nikamsindikiza mimi, tukakaa wiki tano. Shangazi, tofauti niliiona kwa macho. Kule alisafishwa mara tatu kwa wiki bila kukosa. Damu inachukuliwa asubuhi, jioni majibu yako kwenye simu yangu. Daktari bingwa alivuta kiti, akachora figo kwenye karatasi, akanieleza hadi nikaelewa. Ndiye aliyeniuliza kwa nini mama ana mpira wa kusafishia damu shingoni baada ya mwaka mzima, wakati alipaswa kuunganishwa mishipa mkononi zamani. Sikuwa na jibu. Nyumbani hakuna aliyetueleza, au labda walieleza nasi tukiwa na kiwewe. Mpira huo ulikuwa umeshamlaza kwa homa mara mbili.

Tuliporudi nikaenda kudai, na kweli akafanyiwa upasuaji wa mkono hapahapa. Sasa ukimwekea vidole juu kidogo ya kiganja unasikia mtetemo, kama simu iliyonyamazishwa inayoita. Wajukuu wanagombania kuushika.

Lakini kule India mama hakuwa mama ninayemjua. Hakuongea. Wauguzi walikuwa wema ila hawakuelewa neno lake hata moja, kila kitu kilipita kwangu, hata haja ya kwenda msalani usiku. Hapa kwetu chumba cha mashine kina joto, daktari bingwa tunamwona dakika tano, na siku moja maji ya mashine yalileta shida tukarudishwa nyumbani. Ila wauguzi wanamtania, na wagonjwa wa zamu yake wamekuwa ndugu. Mmoja alipofariki, mama hakutoka chumbani siku mbili.

Kulekule India nilipimwa kama naweza kumpa figo. Kundi la damu, mkojo, moyo, na kile kipimo cha kuoanisha. Nikaambiwa naendana naye, na vipimo vya mwisho vitafanyika tukirudi na nyaraka kamili. Wakauliza kuhusu uzazi, nikawaambia mimba ya pili presha ilinipanda kidogo ikashuka baada ya kujifungua. Hatukuliongelea zaidi.

Sasa kaka anataka tuuze kiwanja alichotuachia marehemu baba, turudi India, mimi na mama tuingie chumba cha upasuaji. Dada anasema Muhimbili wanapandikiza, Dodoma wanapandikiza, kiwanja kinauzwa kwa lipi? Wameshatupiana maneno, hawasalimiani. Dada hawezi kutoa, ana kisukari. Kaka hajapima, kazi imembana. Mume wangu hakatai wala hakubali, ananiuliza tu, "Ukibaki mezani, hawa watoto nitawaambia nini?" Na wiki iliyopita kaka ameleta namba ya wakala anayesema nisihangaike na figo yangu, twende na fedha tu, mtoaji atapatikana hukohuko.

Mama anasema, "Mtakavyoamua, wanangu."

Nimechukua daftari nikapiga mstari katikati. Kushoto India, kulia nyumbani. Kushoto kumejaa hadi chini ya ukurasa, kulia kuna mistari sita. Hata hivyo moyo wangu unaelemea kulia, na sijui kama ni mapenzi kwa mama au ni woga wa kisu. Nisaidie, Shangazi. Ipi kati ya nchi hizi mbili?

Mwenye Daftari

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwa kuuguza, na pole kwa kukaa katikati ya kaka na dada. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza nchi, na nitaizungumzia nchi, lakini kuna jambo umelikunja vizuri ukaliweka chini ya mambo mengine: mkienda India au mkibaki hapa, atakayepasuliwa pamoja na mama ni wewe. Nitafika huko.

Nianze na daftari lako. Nimependa kwamba unaandika, wengi hubishana kwa kumbukumbu. Ila tazama ulichokilinganisha. Upande wa kushoto ni wiki tano, mlikwenda mmelipa, mna miadi, mna daktari mliyemfuata yeye. Upande wa kulia ni maisha ya kila siku, na foleni, na maji yaliyoleta shida, na muuguzi ambaye siku hiyo amechoka. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. India mliiona katika zile siku mbili. Jembe hamjalishika.

Sisemi uliyoyaona kule ni uongo. Kwa suala la mpira wa shingoni, yule daktari aliwafaa sana. Mpira huo huwekwa kwa dharura, na ukikaa muda mrefu unakuwa mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu, ndiyo zile homa. Mishipa ya mkono iliyounganishwa ni salama zaidi, ila huhitaji wiki kadhaa kukomaa kabla ya kuchomwa, kwa hiyo anayechelewa kuianza anachelewa nayo. Lakini hebu fuatilia hadithi yako mwenyewe. Swali liliulizwa India. Mkono ulitengenezwa nyumbani, baada ya wewe kwenda kudai. Huo mstari uliuandika upande gani wa daftari? Mimi ningeshindwa pa kuuweka.

Vivyo hivyo zile siku tatu kwa wiki. Umeziandika kushoto kana kwamba ni mali ya India. Mara tatu ndio utaratibu wa kawaida kwa wagonjwa wengi wa mashine, popote walipo. Wapo ambao daktari huwapa mara mbili kwa makusudi kwa kuwa bado wanapata mkojo wa kutosha. Mama yuko mara mbili kwa sababu ipi? Kwa barua yako, ni kwa sababu siku moja nafasi zilijaa na hakuna aliyerudi kuuliza. Nenda ukaulize wiki hii. Uliza pia uzito anaotakiwa kuwa nao akitoka kwenye mashine, na kilo ngapi za maji hubeba kati ya safari moja na nyingine. Haya hayasubiri kiwanja kuuzwa, na mgonjwa anayesafishwa vizuri huingia kwenye upasuaji akiwa na nguvu, kama upasuaji utakuwepo.

Sasa kupandikiza. Dada yako hakukosea. Muhimbili walianza Novemba 2017, wakisaidiwa na mabingwa kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018 kwa ushirikiano na Wajapani. Kaka naye hakukosea, kwa maana India wamekuwa wakifanya kazi hii kwa miongo mingi, na mgonjwa mwenye matatizo yaliyochangamana anaweza kukuta huko mabingwa wengi zaidi chini ya paa moja. Swali ambalo hakuna hata mmoja wenu ameliuliza ni kama mama ana tatizo la namna hiyo. Moyo wake ukoje? Ana kinga za mwili zinazoweza kuikataa figo yako? Chukueni majibu ya India, yote, mkaketi na daktari bingwa wa hapa mmuulize: huyu mnammudu? Akisema ndiyo, mwulizeni ni lini, na bima inabeba kipi na kuacha kipi. Akisema hapana, mwulizeni kwa nini. Jibu hilo moja lina uzito kuliko mistari yote ya kaka na dada, na inawezekana likawapatanisha, maana litakuwa limetoka nje ya familia.

Dada yangu anayenifuata alipandikizwa figo nje ya nchi, ndiyo maana nina ujasiri wa kuliongelea jambo hili ingawa mimi si daktari. Siku ya kurudi tulimpokea kwa vigelegele, tukadhani safari imekwisha. Ilikuwa inaanza. Mwili hauachi kuitambua figo ya mtu mwingine kuwa ngeni, kwa hiyo mgonjwa anameza dawa za kuituliza kinga kila siku, kwa saa ileile, maisha yote ya figo ile. Dawa kama takrolimasi lazima kiwango chake kipimwe kwenye damu. Kikishuka, mwili unaweza kuikataa figo. Kikizidi, dawa yenyewe inaiumiza figo. Kinga ikiwa chini, kifua kikuu kinapata nafasi, na rifampisini, dawa kubwa ya kifua kikuu, inashusha kiwango cha takrolimasi. Hata dawa ya mitishamba aliyoletewa na jirani mwenye nia njema inaweza kuvuruga hesabu yote. Dada yangu aliwahi kupata homa saa nane usiku, tukabaki tunapiga simu kwa daktari aliye ng'ambo ya bahari, simu inaita tu.

Kwa hiyo daftari lako lina mistari inayokosekana. Nani atampima mama mwezi wa nne baada ya upasuaji, mwezi wa kumi na nne? Maabara gani hapa inapima kiwango cha dawa, na majibu yanachukua siku ngapi? Dawa zitapatikana wapi, na nani atalipa kiwanja kikishaliwa? Mkienda India mgonjwa hubaki kule miezi miwili mitatu akiangaliwa, kisha anarudi, na kuanzia hapo mgonjwa wa India anakuwa mgonjwa wa Tanzania. Tafuteni daktari wa hapa atakayekubali kumpokea kabla hamjakata tiketi. Wapo madaktari wanaokwazika, kibinadamu kabisa, wakiletewa mgonjwa aliyepasuliwa kwingine na ripoti ya nusu ukurasa.

Na wakala. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza kununua na kuuza viungo. Inatambua ndugu wa karibu: wazazi, watoto, kaka na dada, mume na mke, na tangu marekebisho ya 2011, babu, bibi na wajukuu pia. Raia wa India haruhusiwi kutoa figo akiwa hai kwa mgeni asiye ndugu yake wa karibu. Hata wewe, mtoto wa kuzaa, utatakiwa uthibitisho wa undugu kupitia ubalozi na kibali cha kamati maalumu kabla kisu hakijakugusa. Anayesema njooni na fedha tu, ama atawaibia, ama atawatengenezea undugu wa karatasi na mtu maskini asiyejua atafuatwa na nani kidonda kikioza. Mama ataamka na figo ya mtu ambaye hamtamjua kamwe. Natambua kwa nini kaka ameileta namba hiyo. Nadhani anajaribu kukuokoa wewe. Mwambie umeuona upendo huo, halafu mwambie ya sheria.

Nimefika kwako. Umeandika kwa sentensi moja kwamba presha ilikupanda mimba ya pili, na hamkuliongelea zaidi. Mwanangu, liongelee. Mama yako figo ziliharibiwa na presha, wewe ni damu yake, na presha ya ujauzito ni mojawapo ya mambo ambayo wapimaji wa watoaji figo hutaka kuyajua kwa undani, kwa sababu huashiria presha ya baadaye. Na kama wewe na mumeo mnafikiria mtoto wa tatu, jua kwamba aliyetoa figo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shida ya presha akiwa mjamzito. Haina maana kwamba hufai. Wengi hutoa figo, iliyobaki inaongeza kazi yake, wanarudi shughulini baada ya wiki kadhaa wakaishi vizuri. Swali la mume wako nalo lina jibu la tarakimu: katika takwimu zinazotajwa sana, watoaji wanaofariki kwa sababu ya upasuaji ni kama 3 kati ya 10,000. Ni nadra sana, lakini si sifuri, na ana haki ya kuisikia kutoka kwa daktari akiwa amekaa pembeni yako. Mwulizeni pia nani atakuwa anakupima wewe presha, mkojo na damu kila mwaka, maana mtoaji husahauliwa upesi, watu wote wakimtazama mgonjwa.

Unasema hujui kama unayoyahisi ni mapenzi au woga. Kwani lazima kimoja kimfukuze mwenzake? Mimi ningeshangaa kama ungekuwa huogopi. Ninachohofia ni kwamba umejificha nyuma ya daftari. Maadamu mnabishana India au nyumbani, hakuna anayekuuliza kama unataka kutoa, na wewe hujiulizi. Timu nzuri ya upandikizaji humwita mtoaji peke yake, bila ndugu, ikamuuliza. Ukiomba nafasi hiyo upewe, hapa au kule. Na ukisema hutaki, au bado, wanaweza kuiambia familia kwamba kitabibu hufai, basi, bila kufungua siri zako. Mlango huo uko wazi mpaka asubuhi ya upasuaji. Pengine ukijua upo, utagundua kwamba unataka kutoa kwa moyo mmoja. Pengine utagundua kinyume chake. Sina haki ya kukuchagulia.

Kaka apime. Simlaumu, kazi za watu nazijua, lakini mwenye kupanga safari ya figo ajue na yake ikoje. Akikuta haendani, atakuwa ameingia kwenye jambo hili kwa mwili wake na si kwa kiwanja peke yake, na nadhani hata mazungumzo yake na dada yatabadilika sauti.

Amebaki mama. "Mtakavyoamua, wanangu." Sijui kama hilo ni jibu. Mzazi husema hivyo akiwa amechoka, au akiona aibu kumwomba mtoto kipande cha mwili, au akiwa hataki kabisa na anaogopa kuwavunja moyo baada ya ninyi kuchanga. Wapo wagonjwa wanaoitaka figo mpya kwa nguvu zote, wapo wanaosema mashine imewatosha, nao wana akili zao timamu. Wewe ndiye uliyekuwa mkalimani wake wiki tano, ukasema kwa niaba yake hata haja ya usiku. Inawezekana umezoea kumsemea, naye amezoea kusemewa.

Ana saa nne pale kwenye mashine, hapokei wageni wala hapiki. Siku moja nenda peke yako, usimpe habari ya nchi yoyote. Mwulize ile siku ya India iliyokuwa mbaya kuliko zote ilikuwaje, na ya hapa ilikuwaje. Mwulize anaogopa nini kuhusu wewe. Akinyamaza, nyamaza naye, mashine ina sauti yake ya kujaza chumba. Kaa upande wa mkono usio na sindano. Na ukipata jibu la ile siku ya tatu kwa wiki, niandikie hata mistari miwili.

Shangazi